Maelezo kwa Wananchi Kuhusu Upasuaji wa Goti Lililochakaa kwa Kazi Nzito



Ukurasa huu aghalabu hutumika kutangazia siku za chanjo, nafasi za masomo na zabuni za Serikali. Safari hii sehemu yake kubwa imetolewa kwa jawabu la barua moja, nayo ni barua iliyotoka mbali.

Aliyeiandika ni mzee wa miaka 61, mkaazi wa Ipililo, wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu, mkoa ambao hadi mwaka 2012 sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Huko ndiko alikozaliwa na huko ndiko anakolima pamba hivi sasa. Baina ya ujana na uzee wake, hata hivyo, alikaa Unguja kwa miaka 19 akiwa mchukuzi katika bandari ya Malindi, akishusha magunia ya mchele, sukari na unga wa ngano, na gazeti hili bado hupelekewa na mpwa wake aliyeolewa hapa mjini. Kwa idhini yake tunaeleza habari zake bila ya kutaja jina.

Anasema goti lake la kulia limemtesa kwa miaka 8. Daktari wa mifupa alimwambia kuwa goti limekwisha na kwamba litafaa kubadilishwa. Neno hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Jamaa zake walipolisikia walielewa kwamba mguu utakatwa, na dada yake mkubwa akalia kama aliyefiwa. Yeye mwenyewe, ijapokuwa alifahamu vyema zaidi, alikuwa na suala jengine. Ana ng'ombe wanne wa kukokota jembe, shamba la ekari 6, na watoto wawili ambao bado wako skuli. Akienda hospitali, nani atalima? Asipokwenda, atalima kwa goti lipi?

Tumeona jawabu lake lisomwe na wengi, kwa sababu suala lake si lake peke yake. Mahamali wa Darajani, wakwezi wa minazi, wachumaji wa karafuu wa Pemba, wakulima wa mpunga wanaoinama mabondeni, na akinamama wa mwani wa Paje na Jambiani wanaochutama majini saa nyingi kila bamvua, wote wana magoti ya namna moja na mchukuzi huyu.

Goti na namna linavyochakaa

Goti ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mbele yake hukaa kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mviringo kinachochezacheza mtu anapolegeza mguu. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye utelezi, kama kile tunachokiona katika viungo vya mbuzi siku ya Idi. Katikati ya mifupa vimewekwa vipande viwili vyengine vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, na kazi yao ni kugawa uzito usielemee pahala pamoja. Gegedu inayofunika mifupa haina mishipa ya damu. Kwa sababu hiyo ikishalika haioti tena kama ngozi inavyoota juu ya jeraha.

Mtu anapotembea katika ardhi tambarare, goti lake hubeba mzigo wa mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wake. Anaposhuka ngazi mzigo huo hupindukia mara 3. Basi na tumkadirie mtu wa kilo 65 mwenye gunia la kilo 50 mabegani, anayeshuka ubao wa meli mara nyingi kwa siku, siku nyingi kwa mwaka, miaka 19. Mwandishi wa maelezo haya alijaribu kupiga hesabu hiyo akaiacha njiani.

Kwamba kazi nzito hula magoti si jambo la kubahatisha. Tangu mwaka 1952 madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walieleza namna wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao hufanya kazi wakiwa wamepiga magoti, walivyokuwa na magoti yaliyoharibika kuliko wafanyakazi wa aina nyengine. Wala kazi si sababu pekee. Umri umo, uzito wa mwili umo, urithi wa ukoo umo, na jeraha la zamani la mpira au la kuanguka mtini lina sehemu yake.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Watu wetu kila maumivu ya viungo huyaita baridi yabisi. Baridi yabisi yenyewe ni maradhi mengine, ambayo hushika viungo vingi kwa pamoja, khasa vya vidole, na yana dawa zake. Jongo nalo ni mbali: huja kwa ghafla usiku, na kiungo huwa chekundu na cha moto. Yako pia magoti yanayovimba kwa kifua kikuu cha kiungo, na wako wagonjwa wa seli mundu, ambao ni wengi katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hivyo mtu asijipangie mwenyewe kuwa goti lake limechakaa mpaka daktari amelishika, ameliangalia na amelipiga picha ya eksirei.

Picha hiyo husomwa kwa daraja, kuanzia sifuri hadi 4, kwa utaratibu uliotungwa na madaktari hao hao wawili mwaka 1957. Lakini picha na maumivu haviendi sambamba siku zote. Yupo mwenye daraja la 4 anayekwenda shamba na kurudi, na yupo mwenye daraja la 2 asiyeweza kupanda ngazi ya nyumba yake. Daktari mwema humpasua mtu baada ya kumuuliza habari za maisha yake, wala hatosheki na picha.

Yanayopaswa kufanywa kabla ya kisu

Mzee wetu alikiri katika barua kuwa kwa miaka 8 dawa zake zilikuwa vidonge vya diklofenaki alivyonunua dukani, na unga wa mitishamba aliouziwa mnadani. Vidonge hivyo, vikimezwa kwa muda mrefu bila ya kupimwa, hutoboa tumbo, huharibu figo na hupandisha shindikizo la damu. Ama ule unga, hatuwezi kujua umo nini. Imegunduliwa katika nchi nyingi kwamba baadhi ya unga wa viungo unaouzwa kwa jina la mitishamba huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali za jamii ya steroidi. Ndiyo maana mgonjwa huona nafuu ya ajabu katika siku mbili, kisha uso ukavimba na sukari ikapanda.

Tiba ya kwanza ya goti lililochakaa, na hapa madaktari wa dunia nzima hawakhitalifiani, ni mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja. Wengi hulipuuza neno hili. Wanasema: mimi nalima kutwa, mazoezi gani tena? Lakini kulima si zoezi la goti, ni mzigo wa goti. Mwenye uzito uliozidi apunguze, kwani kila kilo moja inayotoka mwilini huondoa kilo kadhaa juu ya goti. Bakora nayo husaidia sana, na ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu unaouma kama wengi wafanyavyo. Dawa ya kupaka ya diklofenaki ina madhara madogo kuliko ya kumeza.

Sindano ya steroidi ndani ya goti huleta nafuu ya wiki chache, na ikirudiwarudiwa huweza kuila gegedu iliyobaki. Mwenye nia ya kubadilishiwa goti asichomwe sindano hiyo katika miezi 3 kabla ya upasuaji, kwa kuwa huongeza hatari ya vijidudu kuingia.

Liko pia lile la kuingiza kamera ndogo gotini na kuosha. Mwaka 2002 madaktari wa mji wa Houston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 180. Baadhi yao waliingiziwa kamera wakasafishwa goti, na wengine walichanjwa ngozi tu wakashonwa bila ya kujua. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti baina yao. Kwa goti lililochakaa, basi, mtu asiuze ng'ombe kwa ajili ya kuoshwa goti.

Kuamua

Inapokuwa mambo hayo yamefanywa kwa dhati kwa muda wa miezi, na bado mtu hulala kwa taabu, hutembea hatua chache akakaa, na amekwisha kuacha mambo anayoyapenda, ndipo upasuaji huzungumzwa.

Upasuaji wenyewe si wa namna moja. Mtu ambaye bado ana nguvu, goti limelika upande mmoja tu na mguu umepinda kama wa matege, anaweza kukatwa mfupa wa muundi na kunyooshwa, ili uzito uhamie upande uliobaki mzima. Njia hii haisemwi sana, lakini kwa mfanyakazi wa mikono wa miaka 45 au 50 inastahili kuulizwa, kwa kuwa hubakisha goti lake la asili na humruhusu kurudi katika kazi nzito. Namna ya pili ni kubadilisha upande mmoja wa goti. Ya tatu, na ndiyo aliyoambiwa mzee wa Ipililo, ni kubadilisha goti zima.

Na tuseme wazi ili dada yake asilie tena: mguu haukatwi. Daktari hufungua mbele ya goti, huondoa tabaka nyembamba ya ncha za mifupa iliyolika, kisha huivisha mifupa hiyo kofia ya madini. Ya paja huwa ya mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Ya muundi huwa kibao cha madini chenye plastiki ngumu juu yake, na plastiki hiyo ndiyo inayochukua kazi ya gegedu. Vyote hugandishwa, aghalabu, kwa saruji maalumu ya hospitali. Kazi yote huchukua kiasi cha saa moja hadi mbili, na mara nyingi mgonjwa huwa macho huku amepigwa ganzi ya uti wa mgongo inayofisha kiwiliwili cha chini. Ufundi huu ulianza katika nyonga, hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, mwaka 1962, na magoti yakafuatia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Goti hilo hudumu kwa muda gani? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, uliokusanya kumbukumbu za nchi kadhaa, ulionesha kuwa magoti 82 katika kila 100 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hiyo ni habari njema. Lakini uchunguzi mwengine wa mwaka 2017 ulionesha kuwa wanaume waliobadilishiwa goti wakiwa na miaka ya mwanzo ya 50, kiasi cha theluthi moja watahitaji kurudi kisuni kabla ya kufa, ilhali waliofanyiwa baada ya miaka 70 ni kama 5 katika 100. Sababu yake ni nyepesi: kijana ana miaka mingi mbele yake na hulitumia goti kwa nguvu. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na ni ghali zaidi.

Jambo ambalo halisemwi wodini ni kuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila watano waliobadilishiwa goti husema baadaye kuwa hakuridhika. Goti lipo, picha ni nzuri, lakini maumivu hayakwisha yote au alitaraji zaidi ya alichokipata. Vijidudu huingia katika mtu mmoja au wawili kwa kila 100, na hilo likitokea ni balaa, kwani huenda kifaa kikatolewa chote. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu na kukimbilia mapafuni. Haya hayatajwi kwa ajili ya kutisha watu. Mwenye kutia saini karatasi ya kukubali upasuaji ana haki ya kuyajua kabla, tena kwa lugha anayoifahamu.

Kwa hivyo mgonjwa ajitengeneze. Mvutaji wa sigara aache wiki 4 kabla, au zaidi. Mwenye kisukari sukari yake iteremke. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe. Miguu iangaliwe, kwa sababu mkulima anayetembea peku huwa na nyufa za kisigino, vidonda na funza, na vijidudu hupenya hapo hapo. Damu ipimwe, pamoja na seli mundu, na jamaa wa kuchangia damu watafutwe mapema badala ya kukimbizana siku ya upasuaji.

Wapi, na kwa fedha gani

Kwa mtu wa Ipililo njia huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapitia hospitali ya wilaya ya Maswa na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi, hadi Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda ya ziwa tangu miaka ya 1970. Kwa wa Unguja na Pemba huanzia kituo cha karibu, kisha Mnazi Mmoja, au Abdulla Mzee kwa wale wa Mkoani na jirani zake. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iitwayo MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hupokea wagonjwa wa pande zote mbili za Muungano, na kubadilisha nyonga na magoti ni katika kazi zake.

Kuhusu malipo, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Bara uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Zanzibar imeanzisha Mfuko wa Huduma za Afya kwa sheria ya mwaka 2023, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kuwa na kadi, hata hivyo, si kuwa na goti. Mwanachama aulize kabla, na ajibiwe kwa maandishi, iwapo kifaa chenyewe kimo katika malipo au hulipiwa upasuaji na kitanda tu. Wamo waliofika hadi mlango wa chumba cha upasuaji ndipo wakaambiwa kifaa wajinunulie.

Halafu liko suala la msimu, ambalo daktari hawezi kumpangia mkulima. Simiyu pamba hupandwa kuanzia katikati ya mwezi wa Novemba, na soko hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei. Tulimshauri mzee wetu, baada ya kuwauliza wenye ujuzi, kuwa akipata nafasi apasuliwe baada ya kuuza pamba, mwezi wa Julai. Hapo fedha ipo, mvua hakuna, njia si matope ya kutelezea mtu mwenye magongo, na mpaka Novemba atakuwa na miezi 4 ya kupona. Kwa wetu, mchumaji wa karafuu asipasuliwe karibu na mavuno akitaraji kupanda mkarafuu msimu huo huo. Hatopanda.

Kupona

Sehemu hii isomwe na mgonjwa pamoja na atakayemuuguza, kwa sababu nusu ya upasuaji hufanyika nyumbani.

Siku ile ile au kesho yake mgonjwa husimamishwa kwa fremu ya kutembelea. Maumivu yapo na dawa zipo, na azidai bila ya haya. Kutembea mapema ndiyo kinga kubwa ya damu kuganda, pamoja na dawa atakayopewa. Mguu unapopumzishwa uinuliwe juu, lakini mto uwekwe chini ya kisigino, usiwekwe chini ya goti. Mto chini ya goti hupendeza mno, na goti lililozoea kulala limejikunja halinyooki tena vizuri. Mazoezi ni ya kila saa anapokuwa macho: kukaza msuli wa paja na kuhesabu hadi 5, kuburura kisigino kuelekea makalioni, kunyoosha mguu kabisa. Goti liwe limekunjika kiasi cha pembe mraba katika wiki chache za mwanzo. Atakayesubiri maumivu yaishe ndipo aanze mazoezi ataamka na goti gumu kama mchi.

Kidonda kiwe kikavu. Nyuzi hutolewa baina ya siku ya 10 na ya 14. Katika kipindi hiki hapana kukanda maji ya moto, hapana kuchua kwa mafuta, na khasa nyama ya nyuma ya muundi isichuliwe kabisa, kwani huenda mle mna damu iliyoganda. Tunajua bibi zetu huchua kwa huruma. Wapewe kazi nyengine. Barafu iliyofungwa katika mfuko na kitambaa hupunguza uvimbe pale inapopatikana.

Katika ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka. Magongo huachwa baada ya wiki 6 hivi, kwa wengine mapema zaidi. Baiskeli, ambayo Usukumani ndiyo gari la kila nyumba, ni zoezi jema baada ya miezi 3. Kazi ya kukaa hurudiwa baina ya wiki ya 6 na ya 12. Uvimbe na joto la goti huweza kubaki miezi 6, na nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka.

Ziko dalili ambazo hazisubiri kesho: kidonda kutoa usaha au maji yasiyokwisha, homa ya kutetemesha, goti linalozidi kuwa jekundu, nyama ya nyuma ya muundi kuvimba na kuuma, au pumzi kukata kwa ghafla. Mwenye mojawapo ya hizo aende hospitali usiku huo huo.

Na sasa yale ambayo goti jipya haliyawezi. Kuchutama chooni kunataka goti likunjike kuliko wanavyofikia wengi wenye goti la bandia, kwa hivyo kiti chenye tundu kitengenezwe na fundi seremala kabla mgonjwa hajarudi. Kupiga magoti hakuvunji kifaa baada ya kidonda kupona, ila wengi huona uchungu au ganzi na hawawezi. Muislamu atasali juu ya kiti, na sheria imempa mgonjwa ruhusa hiyo tangu zamani. Waulizeni masheikh wenu walio karibu namna ya kuashiria rukuu na sijida. Kwa mila za Kisukuma mwanamke hupiga magoti anapowaamkia wakubwa. Tunadhani mkwe mwenye goti la madini akisamehewa, heshima haitapungua.

Magunia hapana tena. Hili tulimwambia mzee wetu bila ya kuzunguka.

Barua ya pili

Alituandikia tena mwezi wa tano baada ya upasuaji. Hospitali aliyofanyiwa hatuitaji. Alipotolewa alipewa karatasi ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kama si binti yake wa kidato cha tatu kumsomea, ingelitumika kufungia karanga. Tunaziomba hospitali zote, za huku na za Bara, ziwape wagonjwa maagizo kwa Kiswahili.

Anasema wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko miaka 8 iliyopita. Alimwambia mkewe kuwa ameuza ng'ombe wawili kununua maumivu. Mkewe hakumjibu, ila kila asubuhi alimwekea kiti nje, hatua 10 mbele kuliko jana, ili chai yake aifuate huko. Wiki ya sita kiti kilikuwa kimefika chini ya mwembe wa jirani.

Sasa hutembea hadi sokoni bila ya bakora na hulala usiku wote. Goti hukunjika kupita pembe mraba kidogo, si zaidi. Hawezi kuchutama, hawezi kupiga magoti, na usiku wa baridi hulisikia. Ng'ombe wawili waliobaki huongozwa na mtoto wa nduguye, kwa mapatano ya kugawana mavuno, na safari hii wamepanda ekari 3 badala ya 6. Ada za watoto amezipata kwa taabu. Anauliza iwapo alikosea, na hapo hapo anajijibu kuwa angelifanya tena, ila angelifanya miaka mitatu mapema.

Mwisho wa barua ameuliza kuhusu goti lake la kushoto, ambalo limeanza kumuuma. Tumemjibu aanze mazoezi ya paja leo, aache diklofenaki ya dukani, na apige picha kabla ya msimu wa palizi.

Wananchi wenye maumivu ya goti yaliyozidi miezi 3 wanaombwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu nao wakiwa na kadi zao za bima, majina ya dawa zote wanazotumia, zikiwemo za mitishamba, na picha za zamani kama wanazo. Masuala mengine yaletwe kwa maandishi Kitengo cha Habari, siku za kazi, kabla ya saa nane mchana.